Biashara ya memori kadi: Simu ghali zaikimbia, za bei nafuu zaishikilia

MFANYABIASHARA wa vifaa vya simu anayeagiza katoni ya memori kadi leo anaagiza bidhaa ambayo simu za bei ya juu kabisa katika kabati lake la kioo hazina mahali pa kuichomeka. Katika kabati hilo hilo, rafu ya chini, zimo simu ambazo bila kadi hiyo mnunuzi hujaza picha na nyimbo kwa muda mfupi, kisha hurudi dukani kulalamika kuwa simu imejaa.

Hali hiyo inawachanganya wengi. Wapo wanaoamini kuwa biashara ya memori kadi imekwisha, na wapo wanaoendelea kuagiza kama walivyozoea miaka kumi iliyopita. Pande zote mbili zinaweza kupoteza mtaji.

Ukweli ni kwamba kadi haijafa, bali imehama. Imemwacha mnunuzi wa simu ya gharama kubwa na kubaki kwa mnunuzi wa kipato cha chini na cha kati, na huko ndiko bidhaa bandia zinakopenya kwa urahisi zaidi. Ili kujua cha kuagiza na cha kuacha, mfanyabiashara hana budi kuelewa kwanza kwa nini watengenezaji wa simu wanaliziba tundu la kadi, na kisha jinsi ya kuitambua kadi halali kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Chimbuko la kadi

Kadi inayotumika katika simu nyingi leo ni ile ndogo iitwayo microSD. Asili yake ni makubaliano ya mwaka 1999 kati ya kampuni tatu: SanDisk ya Marekani pamoja na Toshiba na Matsushita za Japani. Matsushita ndiyo inayojulikana sasa kwa jina la Panasonic. Kampuni hizo zilikubaliana kuwa na kadi ya aina moja itakayoingia katika vifaa vya kampuni mbalimbali, na Januari 2000 ikaundwa jumuiya ya kusimamia viwango vyake, SD Association.

Mwaka 2004 SanDisk ilitoa kadi ndogo zaidi kwa ajili ya simu za mkononi na kuiita TransFlash. Mwaka uliofuata jumuiya ikaipokea kama kiwango rasmi na kuibadilisha jina kuwa microSD. Urefu wake ni milimita 15, upana milimita 11 na unene milimita 1. Vipimo hivyo havijabadilika hadi leo. Kilichobadilika ni ujazo.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na tundu la microSD. iPhone ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka mmoja kabla yake, haikuwa nalo. Tangu wakati huo soko la simu limekuwa na njia mbili: ya anayenunua simu na kuongeza kumbukumbu baadaye kadiri anavyopata fedha, na ya anayelazimika kuamua siku ya kununua atahitaji ujazo kiasi gani kwa maisha yote ya simu hiyo.

Hesabu iliyoziba tundu

Sababu kubwa ya kuzibwa kwa tundu ni ya kibiashara, na mfanyabiashara yeyote anaweza kuielewa kwa penseli na karatasi.

Iphone ya mwaka 2007 ilipotoka, yenye gigabaiti 4 (GB 4) iliuzwa kwa dola 499 za Marekani na yenye GB 8 kwa dola 599. Mnunuzi alilipa dola 100 kwa GB 4 za ziada. Miaka 16 baadaye, Septemba 2023, iPhone 15 yenye GB 128 iliuzwa kwa dola 799, yenye GB 256 kwa dola 899 na yenye GB 512 kwa dola 1,099. Yaani kila GB 128 za ziada ziligharimu dola 100, sawa na senti 78 hivi kwa gigabaiti moja.

Katika kipindi hicho, microSD ya GB 128 kutoka kampuni inayojulikana iliuzwa rejareja nchini Marekani kwa chini ya dola 20, ambazo ni chini ya senti 16 kwa gigabaiti. Ni kweli kuwa kumbukumbu ya ndani ya simu ina kasi kubwa kuliko kadi na hivyo si bidhaa moja kwa moja ileile. Hata hivyo, tofauti ya bei ya mara tano inaeleza mengi. Simu isiyo na tundu humwondolea mnunuzi njia ya bei nafuu, na fedha ambazo zingekwenda kwa muuza kadi huingia kwa mtengenezaji wa simu.

Samsung ya Korea Kusini inaonyesha vizuri mvutano huo. Mwaka 2015 iliondoa tundu katika Galaxy S6, na wateja wake wengi hawakufurahi. Mwaka 2016 ikalirudisha katika Galaxy S7. Likaendelea kuwapo hadi Galaxy S20 ya mwaka 2020, kisha Januari 2021 ikatolewa Galaxy S21 bila tundu, na halijarudi tena katika safu hiyo.

Jambo la kuangalia zaidi ni lililotokea mwaka 2025 katika safu ya Galaxy A, ambayo ni ya bei ya kati. Galaxy A35 na A55 za mwaka 2024 zilikuwa na tundu la kadi, lakini warithi wao wa mwaka 2025, A36 na A56, hawakuwa nalo. Simu za ngazi ya chini katika safu hiyo zimebaki nalo. Mstari unaotenganisha simu zenye tundu na zisizo nalo unashuka, na anayeweka akiba ya kadi stoo anapaswa kujua umefikia wapi.

Upo pia upande wa ufundi, na si haki kuuficha. Kadi nyingi za microSD zinatumia mfumo ambao kikomo chake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kumbukumbu ya ndani ya simu za daraja la juu, ya aina ya UFS 3.1, husoma kwa zaidi ya megabaiti 2,000 kwa sekunde. Programu ikifunguliwa kutoka kwenye kadi huenda polepole, na mnunuzi hulaumu simu badala ya kadi. Kampuni ya simu haipendi lawama hiyo.

Tundu limebaki wapi

Kwa soko la Afrika Mashariki, jina la kuanzia ni Transsion, kampuni ya Shenzhen nchini China inayotengeneza simu za Tecno, Infinix na itel. Kampuni hiyo, ambayo hisa zake ziliorodheshwa katika soko la Shanghai mwaka 2019, ndiyo inayoongoza kwa wingi wa simu zinazoingizwa Afrika. Simu zake nyingi za bei ya chini na ya kati zina tundu la microSD. Ndivyo zilivyo pia simu nyingi za Redmi za bei nafuu, pamoja na simu ndogo za vitufe, maarufu kama viswaswadu, ambazo wenyewe huzigeuza redio na kanda ya nyimbo kwa kutumia kadi.

Hata hivyo, kuwapo kwa tundu hakumaanishi kuwa mteja ataweza kulitumia. Zipo simu ambazo kijisahani chake kina nafasi tatu: laini mbili na kadi. Zipo nyingine zenye nafasi mbili tu, ambapo nafasi ya pili hupokea ama laini ama kadi. Mteja wa hapa anayetumia laini moja kwa fedha za mtandao na nyingine kwa vifurushi hatakubali kutoa laini moja ili aweke nyimbo. Kwa mteja huyo simu ya namna hiyo ni sawa na isiyo na tundu.

Kwa sababu hiyo, muuzaji anashauriwa kuvuta kijisahani cha kila aina ya simu aliyonayo dukani na kuandika kwenye daftari: nafasi tatu, nafasi mbili, au hakuna kabisa. Daftari hilo ndilo litakalomwambia aagize kadi ngapi.

Kusoma alama za kadi

Maandishi madogo juu ya kadi si mapambo. Kila alama ina bei yake, na mfanyabiashara asiyezijua hulipia asichokihitaji.

Alama ya kwanza ni ya familia. Kadi za zamani zilizoandikwa SD pekee huishia GB 2. SDHC, iliyoanza mwaka 2006, ni ya zaidi ya GB 2 hadi GB 32. SDXC, iliyotangazwa mwaka 2009, ni ya zaidi ya GB 32 hadi terabaiti 2 (TB 2), na terabaiti moja ni sawa na GB 1,000. Ipo pia SDUC ya mwaka 2018, inayofika hadi TB 128 kwa kiwango kilichoandikwa, ingawa ujazo huo haupo katika maduka ya simu.

Umuhimu wake ni huu: simu iliyotengenezwa kwa SDHC inaweza kukataa kadi ya GB 64. Viswaswadu vingi huishia GB 32. Mteja akiuziwa GB 64 kwa simu ya namna hiyo atairudisha akisema ni mbovu, kumbe ni nzima.

Kadi za hadi GB 32 huja zikiwa zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4. Anayenunua kadi kwa ajili ya filamu ndefu zenye picha safi atakwama hapo. Kadi za GB 64 na zaidi hutumia mfumo wa exFAT, ambao hauna kizuizi hicho.

Alama ya pili ni ya kasi. Namba iliyo ndani ya herufi C inaonyesha kasi ya chini kabisa ya kuandika kwa megabaiti kwa sekunde: C4 ni 4 na C10 ni 10. U1 ni 10 na U3 ni 30. V30 ni 30 vilevile. Namba kubwa inayong'aa kwenye karatasi la nje, kama vile 100MB/s, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, si ya kuandika, na isichukuliwe kuwa ndiyo kipimo cha ubora.

Alama ya tatu ni A1 au A2, inayohusu kadi zitakazobeba programu. Kadi ya A1 inapaswa kutimiza angalau maombi 1,500 ya kusoma na 500 ya kuandika kwa sekunde. A2 inapaswa kufikia 4,000 na 2,000. Lakini faida ya A2 huonekana tu pale simu yenyewe inapokuwa imetengenezwa kuitumia. Kwa simu ya bei nafuu, A1 inatosha, na tofauti ya bei ni fedha ya kuokolewa.

Muuzaji ajue pia kueleza kwa nini kadi ya GB 64 huonekana kama GB 59 na nukta kadhaa katika simu. Watengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja. Baadhi ya simu na kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000. Hakuna kilichoibwa. Upungufu wa kiasi hicho ni wa kawaida, na mteja akielezwa kabla ya kulipa hatarudi kugombana.

Kadi inayosema uongo

Tatizo kubwa la biashara hii ni kadi zilizoghushiwa ujazo. Ndani ya kila kadi mna sehemu mbili: chipu ya kuhifadhi na chipu ndogo ya kuiongoza. Anayeghushi huchukua chipu ya kuhifadhi ya GB 8, kwa mfano, kisha huandika upya maelezo katika chipu ya kuongoza ili kadi iseme ni GB 128. Simu haiwezi kujua. Huuliza kadi ina ujazo gani na kuamini jibu.

Mteja huitumia wiki ya kwanza bila tatizo, maana bado hajafika GB 8. Baada ya hapo, kila picha mpya ama hupotea ama huandikwa juu ya picha ya zamani. Majina ya mafaili huonekana lakini hayafunguki. Mara nyingi mteja hugundua hasara akiwa na kadi iliyobeba picha za harusi au za msiba, na hasara hiyo hakuna wa kuilipa.

Mwaka 2012 Kenya ilizima simu bandia katika mitandao yake, na usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikafanya hivyo hivyo. Hatua hizo ziliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya IMEI ambayo mtandao huiona. Memori kadi haiunganishwi na mtandao wowote wa simu na hakuna mtambo unaoweza kuizima. Sheria dhidi ya bidhaa bandia zipo, ikiwamo Sheria ya Alama za Bidhaa ya Tanzania ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Sheria ya Kenya ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Lakini sheria hizo humfikia kwanza aliyekutwa na mali, yaani mwenye duka. Kwa hiyo mkaguzi wa kwanza wa kadi ni mnunuzi wa jumla mwenyewe.

Ukubwa wa hasara unaonekana kwa mfano wa namba za kawaida tu. Mwenye duka anunue kadi 200 kwa sh. 10,000 kila moja. Mtaji ni sh. 2,000,000. Akiziuza zote kwa sh. 13,000, faida kabla ya pango, kodi na nauli ni sh. 600,000. Zikirudi kadi 30 na akarejesha fedha za wateja, zinatoka sh. 390,000 na faida inabaki sh. 210,000. Zikirudi 47, ambazo hazifiki hata robo ya mzigo, faida yote imekwisha na ameanza kula mtaji.

Yupo atakayesema kuwa risiti yake imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Maneno hayo hayamrudishi mteja aliyepoteza picha zake. Mteja huyo huhamia duka la pili kwa kadi, na baadaye kwa simu, chaja na vocha.

Namna ya kupima

Kipimo cha kwanza ni bei. SanDisk ilipotangaza microSD ya TB 1 mwaka 2019, bei yake ilikuwa dola 449.99. Bei za ujazo huo zimeshuka sana tangu wakati huo, lakini hazijashuka kufikia bei ya sahani ya chakula. Kadi ya TB 1 inayotembezwa barabarani kwa bei ya GB 16 haiwezi kuwa na TB 1 ndani yake, kwa sababu chipu peke yake inagharimu zaidi ya hapo. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika bidhaa hii hakuna anayeweza kuwabishia.

Kipimo cha pili ni cha programu. Zipo programu zinazopatikana bure, kama H2testw kwa kompyuta za Windows na F3 kwa Linux na Mac, ambazo huijaza kadi yote kwa data na kisha kuisoma upya kuona kama kila kitu kimerudi salama. Hiki ndicho kipimo cha kuaminika. Kuitazama kadi katika simu na kuona imeandikwa GB 128 si kipimo, kwa kuwa hilo ndilo hasa lililoghushiwa.

Ugumu wake ni muda. Kadi ya GB 128 inayoandika megabaiti 20 kwa sekunde huchukua karibu saa 1 na dakika 47 kujazwa, na kuisoma upya kwa megabaiti 80 kwa sekunde ni dakika 27 nyingine. Hakuna atakayepima kadi 200 kwa mtindo huo. Dawa yake ni sampuli, zikichaguliwa bila mpangilio kutoka juu, katikati na chini ya katoni, na si zile anazokabidhi muuzaji.

Iwapo kadi moja katika kila tano ni bandia, anayepima kadi 5 ana nafasi takriban moja kati ya tatu ya kutokutana na mbovu hata moja. Akipima 10, nafasi hiyo hushuka hadi karibu moja kati ya kumi. Kwa maneno mengine, kadi 10 zilizopimwa usiku mmoja kwa kompyuta moja au mbili zinalinda mzigo mzima. Kwa sababu hiyo ni busara kununua kwanza kadi chache kutoka kwa msambazaji, kuzipima, na kulipia katoni baada ya matokeo. Msambazaji anayekataa utaratibu huo amekwisha kujibu swali.

Kadi isichoweza kufanya

Marejesho mengine hayatokani na kadi bandia, bali na ahadi isiyo ya kweli kutoka kwa muuzaji. Simu yenye kumbukumbu ya ndani ya GB 32 iliyojaa haigeuki kuwa ya GB 160 kwa kuchomekwa kadi ya GB 128. Mfumo wa simu na programu nyingi hubaki ndani. Picha na sauti za WhatsApp nazo huhifadhiwa ndani, na hubidi mwenye simu azihamishie kwenye kadi mwenyewe.

Toleo la Android 6.0 la mwaka 2015 lilileta utaratibu wa kuifanya kadi kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani, ingawa si kila mtengenezaji wa simu ameuruhusu. Kadi ikiwekwa katika hali hiyo hufungwa kwa siri na kusomeka katika simu ile moja tu. Ikihamishiwa simu nyingine huonekana kama imekufa, na simu ya awali ikiharibika, vilivyomo kwenye kadi hupotea nayo. Fundi anayempangia mteja kadi kwa njia hiyo bila kumweleza anatengeneza ugomvi wa baadaye.

Matumizi yanayoifaa kadi ni picha, video, nyimbo, mahubiri, vitabu na nyaraka. Muuzaji akisema hivyo waziwazi atauza kadi moja pungufu leo, lakini hatarejesha fedha kesho.

Bei hupanda na kushuka

Chipu za kuhifadhia hutengenezwa na kampuni chache kubwa: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, Kioxia ya Japani ambayo zamani ilikuwa Toshiba Memory, Micron na Sandisk za Marekani, pamoja na YMTC ya China. Tatizo katika kiwanda kimoja hutikisa dunia nzima. Februari 2022, malighafi zilizochafuka ziliathiri viwanda vya Kioxia na Western Digital huko Yokkaichi na Kitakami, Japani. Mwaka 2023 ikawa kinyume: chipu zilizidi mahitaji, bei zikaporomoka, na Aprili mwaka huo Samsung ikatangaza kupunguza uzalishaji. Kufikia mwisho wa mwaka 2025 bei zilikuwa zikipanda tena, safari hii kwa sababu ya mahitaji makubwa ya mitambo ya akili mnemba.

Bidhaa ya namna hiyo haiwekwi stoo kama saruji. Aliyejaza kabati mwanzoni mwa 2023 alishindana baadaye na jirani aliyenunua kwa bei ya chini. Mzigo mdogo unaozunguka haraka una usalama zaidi kuliko mzigo mkubwa unaongoja bei, na bei ya dola iulizwe upya kabla ya kila agizo.

Jina kwenye pakiti nalo lichunguzwe. SanDisk ilinunuliwa na Western Digital mwaka 2016 na kutenganishwa tena kuwa kampuni inayojitegemea Februari 2025. Lexar ilikuwa mali ya Micron hadi mwaka 2017, ilipouzwa kwa Longsys ya China. Hayo hayazuii kadi kuwa nzuri, lakini anayeahidi dhamana kwa wateja wake lazima ajue ni nani hasa ataipokea kadi mbovu na kuibadilisha.

Mwenye akiba ndogo anayefikiria kuingia katika biashara hii aelewe pia kuwa hakuna hata moja ya kampuni hizo iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Dar es Salaam au la Nairobi. Kwake faida haiko katika hisa za chipu, bali katika mzunguko wa duka.

Nini kiagizwe

Kwa muuzaji wa mtaa, GB 32 ndiyo salama kwa viswaswadu, na GB 64 na GB 128 zenye alama za C10 na A1 zinawatosha wenye simu-janja za bei nafuu. Ujazo mkubwa zaidi ya huo uagizwe kwa oda ya mteja.

Aidha, lipo soko lililo nje ya simu. Kamera za ulinzi za bei nafuu na kamera za kwenye kioo cha gari huhifadhi picha katika microSD hiyo hiyo. Kamera hizo huandika mchana na usiku, na kadi ya kawaida huchakaa mapema kwa kazi hiyo. Zipo kadi zilizotengenezwa mahsusi kustahimili kuandikwa mfululizo, na pakiti zake hueleza hivyo. Baadhi ya watengenezaji hawaikubali dhamana ya kadi ya kawaida iliyotumika katika kamera ya namna hiyo. Fundi wa kamera anayeijua tofauti hiyo ni mteja wa jumla, si wa rejareja, na hahitaji kampuni ya simu imwachie tundu.

Kabla ya kuagiza mzigo ujao, mfanyabiashara afanye mambo matatu kwa mpangilio huu: ahesabu simu zenye nafasi tatu alizouza mwezi uliopita, aongeze idadi ya kamera zilizofungwa na mafundi wanaomjua, kisha anunue kadi 10 za msambazaji anayemlenga na kuzipima usiku huo. Fedha ya katoni isubiri hadi asubuhi.